Chumba cha Kulala cha Watoto na Sayansi ya Mpango Wake

Mzazi anapopata chumba kwa ajili ya watoto wake, aghalabu swali la kwanza analojiuliza ni hili: kitanda kitakaa wapi? Baada ya kitanda hutafutwa mahali pa kabati, kisha pa meza, kama ipo. Nafasi inayosalia hujazwa na vitu vilivyokosa makao kwingine nyumbani: gunia la mahindi, baiskeli, sanduku la nguo za zamani, dumu la mafuta ya taa. Chumba kikishajaa namna hiyo husemwa kwamba kimepangwa.

Mwanasayansi angeanza na swali jingine. Angeuliza ni mambo gani yatakayompata mtoto usiku, wakati amelala na hawezi kujisaidia: atavuta hewa ya namna gani, ataumwa na wadudu gani, atapata joto au baridi kiasi gani, na kitu gani chaweza kumwangukia au kumwunguza. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopasa kuamua mahali pa kitanda na pa kabati.

Umuhimu wa jambo hili waonekana kwa hesabu ndogo. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku, na kijana wa shule ya sekondari saa 8 hadi 10. Mtoto anayelala saa 9 tu hukaa katika chumba chake cha kulala saa 3,285 kwa mwaka. Hata kama shule ingekuwa wazi siku 200 kwa mwaka, na kila siku akakaa darasani saa 7, jumla yake ingekuwa saa 1,400. Kwa hiyo chumba cha kulala humchukua mtoto kwa muda unaozidi mara mbili ule wa darasa. Hata hivyo madarasa hukaguliwa, na vyumba vya kulala havina mkaguzi isipokuwa mzazi mwenyewe.

HEWA YA CHUMBA

Chukulia chumba cha kawaida chenye urefu wa meta 3, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.5. Ujazo wake ni meta za ujazo 22.5, yaani lita 22,500. Watoto watatu hulala humo kwa muda wa saa 8. Kwa makadirio, mtoto aliyelala hutoa lita zipatazo 10 za kabonidayoksaidi kwa saa. Watoto watatu hutoa lita 30 kwa saa, na hadi asubuhi huwa wametoa lita 240. Iwapo chumba hicho kingezibwa kabisa pasiwe hata na ufa, kabonidayoksaidi ingefikia zaidi ya asilimia 1 ya hewa yote ya chumbani. Katika hewa ya nje gesi hiyo ni takriban asilimia 0.04 tu.

Watu wengi husema kwamba katika chumba kilichofungwa "oksijeni huisha". Usemi huo si sahihi. Katika mfano huu oksijeni hupungua kutoka asilimia 21 hadi karibu asilimia 20, na upungufu huo hauwezi kumdhuru mtoto mwenye afya. Wala asilimia 1 ya kabonidayoksaidi haiui, ingawa yaweza kumfanya mtu aamke na kichwa kizito. Hatari yenyewe iko mahali pengine, na kabonidayoksaidi ni kipimo cha kuionyesha.

Hewa inayotoka katika mapafu ina kabonidayoksaidi ya takriban asilimia 4. Basi hewa ya chumba inapokuwa na asilimia 1, maana yake ni kwamba robo nzima ya kila pumzi ni hewa ambayo imekwisha kupita katika mapafu ya mtu fulani. Kama mmoja wa watoto hao ana surua, mafua makali au kifua kikuu, wenzake hugawana naye vijidudu vyake usiku kucha. Kwamba kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa kulithibitishwa katika mji wa Baltimore, Marekani, na William Wells na Richard Riley katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa katika mabomba hadi kwenye vyumba vya juu walimofuga simbilisi. Wanyama hao hawakuwahi kukaribiana na wagonjwa, lakini baadhi yao waliambukizwa.

Sasa chukulia kwamba chumba kile kile kina njia ya hewa, na kwamba hewa yake yote hubadilika mara mbili kwa kila saa. Lita 30 za kabonidayoksaidi zitachanganyika na lita 45,000 za hewa mpya. Ongezeko lake halitazidi asilimia 0.07. Hapo sehemu ya hewa iliyokwisha kutumika, ambayo ilikuwa robo ya kila pumzi, itakuwa kiasi cha sehemu moja katika sitini. Hakuna samani wala pambo linaloweza kuleta tofauti kubwa namna hiyo.

Ili hewa ibadilike inahitaji mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Dirisha moja peke yake hufanya kazi hafifu, hasa mlango ukifungwa. Matundu mawili yaliyo katika kuta zinazotazamana huruhusu upepo kupita moja kwa moja. Pasipokuwa na upepo, tundu moja likiwa chini na jingine juu husaidia, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na hewa baridi huingia kwa chini. Hiyo ndiyo njia ya myuko ambayo wanafunzi huijifunza kwa kuchemsha maji.

KWA NINI DIRISHA HUFUNGWA

Wazazi wengi wanajua kwamba hewa safi ni muhimu, lakini jioni hufunga madirisha. Sababu zao ni tatu: mwizi, baridi na mbu. Zote tatu ni za kweli, na mshauri anayesema tu "fungueni madirisha" bila kuzijibu hajasaidia kitu.

Mwizi huzuiwa na nondo, ambazo hazipunguzi hewa kwa kiasi cha maana. Zinapowekwa katika chumba cha watoto ni vema dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani, ili pawepo njia ya kutokea nyumba ikishika moto. Kuhusu baridi, ifahamike kwamba blanketi humkinga mtoto kwa kushika tabaka la hewa tulivu kando ya mwili wake. Blanketi la pili hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko kuziba chumba kizima.

Mbu anahitaji maelezo marefu zaidi. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu wa jamii ya Anopheles. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, Angelo Celli alizikinga kwa nyavu za waya nyumba za wafanyakazi wa reli nchini Italia, akaonyesha kwamba nyumba yenyewe yaweza kuwa kinga ya malaria.

Tangu wakati huo tabia za mbu zimechunguzwa sana. Mbu wa Anopheles gambiae huuma zaidi usiku wa manane, wakati watoto wamelala fofofo. Humtafuta mtu kwa kufuata harufu ya mwili na kabonidayoksaidi anayoitoa. Anapofika ukutani hupanda juu akiufuata ukuta, kisha huingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya vyumba vingi. Dirisha limefungwa kwa hofu ya mbu, na hali mwanya wa juu, chini ya bati, umeachwa wazi. Pumzi za watoto hulimbikizana chumbani na kuvuja taratibu kupitia mwanya huo, nazo huwa kama wito kwa mbu walioko nje. Chumba cha namna hiyo kimefungwa kwa hewa na kufunguliwa kwa mbu. Mpango ufaao ni kinyume chake: mwanya wa juu uzibwe au uwekewe wavu, dirisha liwekewe wavu, kisha dirisha liachwe wazi usiku.

Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulipima jambo hili. Katika nyumba zilizokingwa kikamilifu, madirishani, milangoni na kwenye mianya ya paa, idadi ya mbu waliokamatwa ndani ilipungua kwa zaidi ya nusu. Nyumba zilizowekewa dari ya wavu peke yake nazo zilipata nafuu kubwa. Tena, watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi katika nyumba zilizokingwa kuliko katika nyumba nyingine. Kwa kuwa malaria huharibu chembe nyekundu za damu, matokeo hayo yaonyesha kwamba kinga ya nyumba ilifika hadi mwilini mwa mtoto.

CHANDARUA NA JOTO

Wavu wa dirishani hauondoi haja ya chandarua. Mlango hufunguliwa mara nyingi jioni, na mbu mmoja anatosha kuleta ugonjwa. Faida ya chandarua chenye dawa imethibitishwa hapa Afrika Mashariki kwa namna isiyoacha shaka. Huko Kilifi, katika majaribio ya miaka ya 1993 hadi 1995, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja. Katika bonde la Kilombero na wilaya ya Ulanga, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Watafiti waliwafuatilia zaidi ya watoto 6,000 wa eneo hilo waliozaliwa kati ya 1998 na 2000. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa mara kwa mara walipokuwa wadogo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikia utu uzima.

Kwa kuwa mbu wa sehemu nyingi wamezoea dawa za zamani, aina mpya za vyandarua zimetengenezwa. Jaribio lililofanywa wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba vyandarua vyenye mchanganyiko wa dawa mbili za aina tofauti, mojawapo ikiwa klofenapiri, viliwakinga watoto vizuri kuliko vile vya dawa moja.

Lakini chandarua hakifai kitu kama mtoto amekitoka usiku. Mzazi aghalabu husema kwamba mtoto ni mtundu. Fizikia yatoa maelezo mengine. Uzi wa chandarua hupunguza mwendo wa hewa: vipimo vilivyofanywa Afrika na Asia, vilivyochapishwa mwaka 2012, vilionyesha kwamba ndani ya chandarua upepo hupungua kwa zaidi ya nusu. Mwili hupoa jasho linapokauka, na jasho hukauka pole pole mahali pasipo na upepo. Chumba kikiwa cha joto, mtoto aliye usingizini hutupa mguu nje, kisha mkono, na mwishowe hutoka kabisa.

Joto hilo limetoka wapi? Kwa sehemu kubwa limetoka paani. Karibu na ikweta jua la adhuhuri huwa juu kabisa ya paa, na meta moja ya mraba yaweza kupokea nguvu ya jua ya takriban wati 1,000. Bati hupata moto upesi, na kwa njia ya mnururisho hupeleka joto chini, kwa vitanda na kwa watu. Usiku bati lenyewe hupoa haraka, lakini kuta za tofali zilizopokea jua la jioni huendelea kutoa joto kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo chumba chaweza kuwa na joto kuliko nje hata saa nne ya usiku.

Kwa hiyo kuna mnyororo ambao mzazi hapaswi kuusahau: bati bila dari huleta joto, joto humtoa mtoto katika chandarua, na nje ya chandarua mbu anangoja. Dari ni samani ya chumba cha watoto sawa na kitanda. Dari ya mbao nyembamba au ya ubao wa dari, yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, huzuia mnururisho. Pale ambapo dari haijawezekana, rangi nyeupe juu ya bati huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Miti ya kivuli upande wa magharibi husaidia pia.

Wasanifu na wanasayansi wamejaribu kuyaunganisha mambo haya katika ujenzi. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, nyumba chache za mfano zilijengwa zikiwa na kuta zinazopitisha hewa na nyavu kila upande, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Zilizokuwa na vyumba vya kulala juu ya ghorofa ziliingiwa na mbu wachache kuliko zote. Baadaye nyumba 110 za namna hiyo zilijengwa mkoani Mtwara ili kuchunguza afya ya watoto wanaoishi humo.

MOTO NA SUMU CHUMBANI

Katika nyanda za baridi, kama vile Njombe, Makete na Lushoto, hutokea familia ikaingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Hakuna kosa la mpangilio lililo baya kuliko hili. Mkaa unaowaka katika chumba chenye hewa kidogo hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka mwilini, lakini haina nafasi ya kubeba oksijeni. Aliyelala haamki kwa kikohozi wala kwa harufu. Hupoteza fahamu akiwa usingizini.

Wengine hudhani kwamba mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi, ni salama. Sivyo: moshi na kabonimonoksaidi ni vitu viwili tofauti, na mkaa usiotoa moshi huendelea kutoa gesi hiyo. Wengine hudhani kwamba gesi hutuama chini, hivyo anayelala juu ya kitanda hataifikia. Hilo nalo si kweli, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na ule wa hewa, nayo huenea chumba kizima. Jiko litumike sebuleni, penye njia za hewa, kabla ya kulala, na likae nje usiku.

Kibatari nacho hakifai karibu na chandarua. Penye umeme au taa ya jua, waya zisipitishwe chini ya godoro, wala simu isichajiwe kitandani. Mafuta ya taa, dawa za mimea, dawa za panya na mbolea visiwekwe kamwe katika chumba cha watoto. Mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Akiyanywa, kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni chaweza kuleta homa kali ya mapafu.

SAMANI NA MAHALI PAKE

Baada ya hewa, mbu, joto na moto kupata majibu, ndipo samani zinapoingia.

Kitanda kikae mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Kiachwe nafasi ya sentimeta 15 hivi kutoka ukutani, ili chandarua kipate kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Mkono unaogusa wavu huumwa kupitia matundu yake, kwa hiyo chandarua kipana cha pembe nne ni bora kwa watoto wawili kuliko kile chembamba cha duara. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, maana jua kali huharibu dawa.

Chumba kidogo chenye watoto wengi huwalazimu wazazi kununua kitanda cha ghorofa. Kitanda hicho huokoa nafasi, lakini yafaa kukumbuka kwamba hewa ya juu huwa na joto zaidi, hasa chini ya bati lisilo na dari. Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu, na kila kitanda cha juu kiwe na kizuizi pande zote mbili. Kila ghorofa iwe na chandarua chake.

Kabati lapasa kutazamwa kwa macho ya fizikia. Chukulia kabati tupu lenye uzito wa kilo 25 na kina cha sentimeta 45. Kitovu cha uzito wake kiko sentimeta 22.5 nyuma ya ukingo wa mbele. Momenti inayolizuia lisianguke ni 25 mara 22.5, yaani 562.5. Sasa mtoto wa kilo 20 ananing'inia kwenye mlango ulio wazi, sentimeta 30 mbele ya ukingo huo. Momenti ya kulipindua ni 20 mara 30, yaani 600. Kabati litamwangukia. Kwa hiyo vitu vizito viwekwe katika rafu za chini, na kabati lifungwe ukutani kwa kipande cha chuma na misumari ya skurubu. Mahali pake pazuri ni kwenye ule ukuta wa magharibi ulioachwa na kitanda, mradi lisizibe dirisha.

Meza ya kusomea ikae kando ya dirisha, ili mwanga wa mchana utoke upande wa kushoto wa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia. Kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto iwe kinyume. Usiku taa iwe karibu na daftari. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: taa iliyo meta 2 kutoka kwenye daftari hutoa robo tu ya mwanga ambao ingetoa ikiwa meta 1. Mtoto anayesinzia juu ya kitabu pengine hana uvivu, ila taa yake imetundikwa mbali. Kiti kiwe cha kimo kinachomwezesha mtoto kukanyaga sakafu kwa nyayo zote. Kikizidi, ubao chini ya miguu watosha.

Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Humo alitumia meza na viti vidogo na rafu za chini ambazo watoto wangeweza kuzifikia wenyewe. Aliona kwamba mtoto hupanga vitu vyake akiwa na mahali anapopafikia. Fundisho hilo halihitaji gharama. Misumari ya kutundikia nguo ikipigiliwa kwenye kimo cha bega la mtoto, na kila mtoto akapewa sanduku lake lenye alama yake, nguo hazitalala sakafuni. Hapo sakafu hufagiliwa upesi, na nguo zilizolundikana hazitakuwa maficho ya mbu mchana.

Godoro litolewe juani mara kwa mara. Jua hukausha unyevu ambao wadudu wadogo wa vumbi huutegemea, nao ndio wanaowasumbua watoto wenye pumu, hasa pwani. Kunguni ni wagumu zaidi. Joto linalozidi nyuzi 50 za selsiasi huwaua pamoja na mayai yao, lakini jua halifikishi joto hilo katikati ya godoro wala katika nyufa za kitanda. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na maji yanayochemka yamiminwe katika viungo vya kitanda, kazi ambayo ni ya mtu mzima.

KAZI YA DARASA

Mwalimu wa sayansi aweza kuyafanya haya yote kuwa somo la vitendo. Kila mwanafunzi achore ramani ya chumba anacholala, kwa kipimo, akionyesha upande wa kaskazini, madirisha, mlango, kitanda na mwanya wa juu ya ukuta. Akokotoe ujazo wa chumba, kisha, kwa makadirio ya lita 10 kwa saa, atafute kiasi cha kabonidayoksaidi ambacho kingekuwapo asubuhi kama kimefungwa. Darasa litundike vipimajoto viwili katika chumba kimoja, kimoja karibu na sakafu na kingine karibu na paa, na kusoma vipimo saa nane ya mchana na saa mbili ya usiku. Mchana, mwalimu akiwapo na mbali na matandiko, kijiti cha udi kinachofukiza kandokando ya dirisha kitaonyesha hewa yaingilia wapi na yatokea wapi.

Baada ya kupima, mwanafunzi aandike mapendekezo yake kwa utaratibu wa gharama. Ya kwanza ni yale yasiyohitaji fedha: kuondoa magunia na mafuta ya taa, kusogeza kitanda, kuhamisha vitu vizito chini, kutoa jiko. Ya pili ni ya gharama ndogo: chandarua, wavu wa dirisha, kuziba mwanya wa paa. Ya tatu ni dari na dirisha la pili. Samani mpya ziwe za mwisho.

Utaratibu huu ni kinyume cha ule unaofuatwa na wengi, ambao hununua kabati kabla ya wavu. Mwanafunzi atakayerudi nyumbani na ramani yake aweza kuwaonyesha wazazi wake, kwa hesabu aliyoifanya mwenyewe, ni kwa nini usiku wa leo dirisha lenye wavu liachwe wazi.